Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Mexico: ngome ya Ulúa na chokaa yake

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu. Mimi ni mwashi wa Mji wa Kale, Mombasa. Kabla ya kurithi mwiko na timazi ya marehemu baba nilikuwa baharia, na ndivyo nilivyofika Veracruz. Meli ilikuwa ikingoja zamu ya kupakua, tukapewa siku moja ya kushuka. Wenzangu walikwenda mjini kunywa kahawa na kusikiliza marimba. Mimi nilikwenda ngome ya San Juan de Ulúa, kwa sababu tangu nilipoiona kutoka sitahani nilihisi naijua.

Nilipoufikia ukuta niliuwekea kiganja. Tumbawe! Tumbawe lenyewe, lile la mviringo lenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi, limetolewa baharini, likakatwa, likapangwa kwa chokaa. Ninyi mnaliita múcara. Kwetu tumbawe la baharini lilikuwa likikatwa likiwa bado bichi na laini, kisha likiachwa likauke hadi ligume. Mihirabu mingi ya zamani ya pwani yetu ilichongwa hivyo.

Baadaye nikasoma kwamba undugu haukuwa wa mawe tu. Mwaka 1590 Mwitaliano Bautista Antonelli aliichorea Ulúa ramani ya kuiimarisha. Mwaka 1593 ikaanza kujengwa Fort Jesus yetu kwa ramani ya Mwitaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati. Wote wawili walikula mkate wa mfalme mmoja, Felipe II, ambaye wakati huo alivaa taji la Hispania na la Ureno pamoja. Kwa hiyo hizi ni ngome za baba mmoja, mama mbalimbali. Hata uzee wao umefanana: yenu ikawa gereza, na mwaka 1853 Benito Juárez mwenyewe, aliyekuja kuwa rais wenu, akafungwa humo kabla ya kupelekwa uhamishoni, yetu ikawa gereza kuanzia 1895 hadi 1958.

Kilichonifanya nishike kalamu ni yale niliyoyaona ndani ya vile vyumba vya wafungwa, vile vilivyopewa majina ya Pepo, Toharani na Jahanamu. Darini mlikuwa na michirizi ya mawe meupe inayoning'inia kama nta ya mshumaa, ncha zake zikidondosha maji. Watalii walipiga picha. Ni pazuri, sikatai. Lakini mwashi akiona vile hatazami uzuri. Ile ni chokaa ya jengo lenyewe: maji yanapita katika viungo, yanaiyeyusha na kuitoa nje tone kwa tone. Kila kinachoning'inia pale chini kimepungua mahali fulani juu.

Hapa niungame kosa langu. Miaka ya mwanzo, nilipokuwa bado na haraka ya kijana, nilipewa ukuta wa nyumba kongwe mtaani kwetu, nikaupiga lipu ya simiti. Ulipendeza kama sahani. Baada ya masika mawili lipu ikavimba, nikaigonga kwa kidole ikalia bupu, na ilipoanguka ilibandua ngozi ya tumbawe pamoja nayo. Nyuma yake chumvi ilikuwa imejaa kama unga. Baba hakunigombeza. Alichukua ungaunga ule akanipa nionje. Ukuta wa matumbawe unavuta pumzi, Mheshimiwa. Unyevu na chumvi vikiingia lazima vipate pa kutokea. Chokaa huviacha vipite, simiti huvizuia, na kinacholiwa ni jiwe.

Ombi langu ni moja: wakutanisheni mafundi. Taasisi yenu ya Taifa ya Anthropolojia na Historia inatunza Ulúa, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yanatunza Fort Jesus, ambayo imo katika Urithi wa Dunia tangu 2011. Wakubwa hukutana kwenye makongamano, na ni vyema. Mimi nasema waje waashi wenu wawili, wale wanaojichafua mikono, wakae nasi msimu mmoja wa mvua, nasi tulete wawili wetu huko. Upande wa bahari wa Fort Jesus uliliwa na mawimbi mpaka ukajengwa ukuta wa kuukinga. Kuna ya kuonyeshana. Nanyi mna ya kutufundisha. Kule La Antigua, katika jimbo lenu la Veracruz, mizizi ya miti imeikumbatia nyumba inayoitwa ya Cortés, yule Mhispania aliyeiteka Mexico, kiasi kwamba huwezi kuing'oa mizizi bila kuiangusha nyumba. Magofu yetu ya Gede yana mateso hayohayo, na sisi bado tunabishana mti upi ukatwe na upi uachwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kuna jambo jingine linalonigusa, nalo ni la mikono. Miongoni mwa waliobeba yale mawe ya Ulúa walikuwemo watumwa wa Kiafrika. Wengi wa Waafrika walioshushwa Veracruz walitoka Afrika Magharibi na Angola, si pwani yetu, kwa hiyo sidai ujamaa nisio nao. Ila najua jimbo hilohilo la Veracruz ndilo la Yanga, mtumwa aliyekimbilia milimani na watu wake, akapigana na jeshi lililotumwa mwaka 1609, hadi watawala wakakubali wawe na mji wao huru. Mji ule unaitwa kwa jina lake tangu 1932. Na sensa yenu ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.5 waliojitambulisha kuwa wa asili ya Kiafrika. Vijana wao wakiwemo kati ya hao waashi wawili, nitafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Watashika jiwe wakijua ni nani alilishika kabla yao.

El Tajín na Tlacotalpan, za jimbo hilohilo, zimeshaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO na zina wa kuzisemea. Mimi naisemea Ulúa kwa sababu ndiyo niliyoigusa.

Gharama si kubwa: nauli, malazi na miiko. Chokaa ninayo. Niliichoma, nikaizima, na sasa nimeilaza katika pipa la maji nyuma ya karakana, kwa kuwa chokaa kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika. Mafundi wenu wakifika baada ya mwaka mmoja wataikuta kama siagi.

Wako,
Mwashi wa Mji wa Kale, Mombasa