Kwa vijana wangu wa zimamoto: jeraha liandikeni siku hiyo hiyo

Wanangu wa zimamoto, wa kaunti zote, mnaoamshwa na kengele saa nane za usiku,

Nawasalimu. Mimi ni mzee wa baraza sasa, kahawa na kashata zinanitosha, na sikuwa na nia ya kumwandikia mtu barua. Lakini Jumamosi iliyopita niliitwa kwenye mchango, na tangu nirudi usingizi umenipaa.

Mchango wenyewe ulikuwa wa kijana mwenzenu, wa kaunti moja ya huku Pwani ambayo sitaitaja. Ana mke na watoto wawili. Miezi 14 iliyopita walikwenda kuzima hoteli ya makuti. Mnayajua makuti. Yamesukwa yasipitishe mvua, basi na maji yenu nayo hayapitishi. Moto unakimbia chini yake huku nyinyi mnaloanisha juu. Boriti ilikatika ikamwangukia mkono wa kulia. Nilimwomba anioneshe. Ngozi ya kiwiko imeshikana, mkono haukunjuki wote, vidole viwili vimejipinda ndani na havirudi. Aliponimiminia chai alitumia wa kushoto, birika likagonga kikombe, chai ikamwagika kwenye mkeka. Mkewe alilitazama dirisha.

Zilipatikana shilingi 61,400. Watu wakapiga makofi. Nami, kwa kuwa sina adabu ya kunyamaza, nikauliza: na fidia je?

"Fidia gani, mzee?"

Ajali iliandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha stesheni? "Nilimwambia afisa wa zamu, akaniambia pole, nenda kapumzike." Fomu ya DOSH, ile idara ya Usalama na Afya Kazini, ulijaziwa? Hajawahi kuiona. Mwajiri aliipeleka taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini? Akanitazama kama ninayezungumza Kireno.

Sasa nisikilizeni hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonitia hasira, si huruma. Iko sheria ya Kenya ya mwaka 2007, Work Injury Benefits Act, ile mnayoiita WIBA. Inamhusu kila aliyeajiriwa, na mfanyakazi wa serikali yumo. Waliowekwa kando ni wanajeshi. Inasema fidia ya ulemavu wa kudumu inahesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Tuchukue mshahara wa shilingi 30,000. Mara 96 ni 2,880,000. Daktari akisema ulemavu wako wa kudumu ni asilimia 20, hiyo ni 576,000. Weka hapo gharama za hospitali, dawa na nauli za kwenda kliniki, ambazo sheria inamtwika mwajiri. Weka mapato ya siku alizolala nyumbani, kwa sababu ukishindwa kufanya kazi siku 3 au zaidi unalipwa, na malipo hayo yanaweza kwenda mpaka miezi 12. Halafu linganisha na 61,400 na makofi.

Kwa nini hakuandika? Nilimuuliza, akacheka kidogo akasema, "Mzee, ningeandika nini, wenzangu wangeniona dhaifu." Hapo nikainamisha kichwa, maana maneno hayo nayajua yametoka wapi. Yametoka kwetu. Sisi ndio tuliowafundisha.

Mwaka 1991 tuliitwa kwenye ghala la magodoro. Moshi wa sponji si moshi wa kuni, wanangu. Unakamata koo kama mkono wa mtu. Tulikuwa saba na mitungi ya hewa miwili, mmoja wake mtupu. Niliingia na kitambaa kilicholowa maji usoni, nikakaa ndani muda ambao sikuupima. Nilipotoka nilitapika kitu cheusi kando ya gari. Wenzangu wakaniletea pakiti ya maziwa, ile dawa yetu ya miaka yote, nikanywa, nikajifuta mdomo, nikarudi ndani. Usiku ule nilisifiwa sana. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwasimulia vijana wapya kisa hicho ili wajue zimamoto ni kazi ya wanaume.

Maziwa hayaoshi mapafu. Leo kutoka nyumbani hadi msikitini, mwendo wa nyumba kumi, nasimama mara mbili. Nilipostaafu nikaanza kuulizia kama kuna chochote ninachoweza kudai. Karani mmoja mwema akanifukulia OB ya usiku ule. Nikafungua ukurasa, nikaona: "Moto umezimwa. Hakuna majeruhi." Mwandiko ni wangu. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa zamu. Nilijiandika mzima kwa kalamu yangu mwenyewe huku nikikohoa.

Kwa hiyo msidhani nawagombeza kutoka juu ya mnazi.

Andikeni. Msumari umepenya buti, andika. Umeteguka mguu ukishuka garini, andika. Umevuta moshi ukapata kizunguzungu, andika, hata kama kesho yake umeamka mzima. Sheria inakubali umwambie mwajiri kwa mdomo au kwa maandishi, lakini mdomo haukai kwenye faili. Mwambie afisa wa zamu, kisha usimame hapo hapo mpaka aandike, usome alichoandika, upige picha ukurasa ule kwa simu yako. Simu mnazo, tena kubwa kuliko zetu. Mnapiga picha pilau. Pigeni picha OB. Afisa akikwambia "ni kidogo hicho, tusijaze vitabu", mjibu kwa heshima kwamba kidogo hicho ndicho unachotaka kiandikwe. Na nyinyi maafisa wa zamu mnaosoma hapa, msinikunjie uso. Kijana anapokuja kwako na mkono unaovuja, neno pole halikutoi kwenye wajibu. Mwajiri ana siku 7 tangu ajue ajali kuifikisha kwa Mkurugenzi. Kama umeikalia wewe, mwajiri ataanzia wapi?

Na mjeruhiwa ana miezi 12 ya kudai. Miezi 12 inaonekana mingi ukiwa kitandani unasubiri kidonda kikauke. Kila wiki unasema acha nipone kwanza. Wa hospitali wanakwambia rudi mwezi ujao. Wa ofisini wanakwambia faili liko kwa mkubwa. Ramadhani inaingia, inatoka, watoto wanafungua shule, na siku moja unahesabu unakuta ni 14.

Mengine nayataja haraka, mtayauliza wenyewe. Weka nakala ya kila karatasi nje ya stesheni. Weka payslip. Ukiwa kibarua usikubali kuambiwa hustahili: mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Ukiona asilimia uliyopewa haifanani na mwili wako, una siku 60 za kupinga kwa Mkurugenzi, na ukikataliwa kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Usikimbilie wakili wa kichochoroni anayekuahidi mamilioni kwa kesi ya moja kwa moja dhidi ya mwajiri. Kifungu cha 16 cha sheria hii kimeufunga mlango huo, na Mahakama ya Juu ilikithibitisha Desemba 2019. Dai linaanzia kwa Mkurugenzi. Mkienda kwingine mnapoteza nauli na, kibaya zaidi, mnapoteza miezi.

Suala la bima nalo. Sheria inamlazimisha mwajiri kuwakatia bima ya WIBA. Nimesikia vijana wakiambiwa, "Subiri, bima iliisha, mpya haijasainiwa." Muulizeni huyo mkubwa: bima ya gari lake la kazi huwa inaisha? Lakini hata ikiisha kweli, mwenye wajibu wa kukulipa ni mwajiri. Bima ni mkoba wake tu. Mkoba ukipotea deni halipotei nao.

Niseme na wananchi kidogo, maana nao wanasoma. Katiba ya 2010 iliweka huduma za zimamoto mikononi mwa kaunti, basi mwakilishi wenu wa wadi ndiye wa kuulizwa gari lina maji au halina, na kisima cha maji cha mtaa kimejengewa kibanda na nani. Badala yake tukichelewa mnatupiga mawe. Kijana anashuka garini na kofia iliyopasuka, anapokewa na matofali, kisha anaingia kumtoa mtoto wa aliyerusha tofali. Moto wa mtaa wa mabanda wa Sinai, Nairobi, mwaka 2011, wa uwanja wa ndege wa Nairobi mwaka 2013, wa gesi Embakasi mwaka 2024: yote mnaikumbuka kwa miali na vilio, na ni haki. Aliyeshika mpira wa maji usiku huo hamumuulizi hata kama alifika kwake. Akiumia, tunachangishana kwenye WhatsApp. Sichukii harambee, nimekula nayo na nimezikiwa nayo wazazi. Nachukia inapogeuzwa kuwa ofisi ya fidia. Maskini wa mtaa wanatoa mia mia kulipa deni la kaunti, halafu tunaita hiyo umoja.

Sasa neno la upole, hasa kwa wake zenu. Mama, magwanda yake yasije nyumbani. Najua unayafua kwa mapenzi. Mke wangu aliyafua miaka 20 pamoja na nepi za watoto, kwenye beseni moja, na maji yalikuwa yakitoka meusi kama wino wa pweza. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, kundi lenye tumbaku na asbestosi. Walichokithibitisha ni saratani ya utando wa mapafu na ya kibofu. Sikuandika haya kuwatisha. Yafuliwe stesheni, na kama stesheni haina pa kufulia, hilo ndilo la kulilia kwenye mkutano, si chai. Oga kabla hujambeba mtoto.

Na kwa sababu maradhi ya moshi huja polepole, nunueni daftari. La kurasa 96, mtakumbuka kwa miezi ile. Kila moto andika tarehe, mahali, kilichoungua, ulikaa ndani kiasi gani, ulivaa nini usoni, na nani alikuwa kando yako. Ugonjwa unaotokana na kazi nao umo katika sheria hii, lakini atakayekuchunguza miaka 25 ijayo hatakuwa alikuwepo. Mimi ningekuwa na daftari la namna hiyo nisingebishana na mwandiko wangu mwenyewe.

Turudi kwa kijana wetu. Nimesoma tena sheria na mjukuu wangu, yeye akisoma Kiingereza mimi nikiuliza maana. Kuna mlango mwembamba: kutoripoti ajali hakumfungii mtu fidia ikithibitika kwamba mwajiri aliijua kwa njia nyingine. Na aliijua. Afisa wake alikuwa chini ya ngazi ile ile aliyoshushiwa kijana, ndiye aliyesaidia kuinua boriti. Ila leo anasema hakumbuki vizuri, na kitabu cha stesheni cha usiku ule kina mistari miwili tu, na maneno ya mwisho mtayakisia.

Jumatatu asubuhi namchukua tunakwenda ofisi ya Usalama na Afya Kazini. Nimeshamwambia avae shati la mikono mifupi. Tunahitaji mtu aliyekuwepo. Usiku ule wageni walisimama ufukweni na simu juu, wafanyakazi wa hoteli vilevile, na vijana wa bodaboda walikuwa langoni. Kama wewe ulirekodi paa la makuti likiungua, na katika video kuna mtu anayeshushwa kwenye ngazi ameshikwa kwapani, usiifute. Wapelekee zimamoto wenzake. Mmoja wao atanifikia barazani baada ya alasiri.

Mzee wenu,
mstaafu wa zimamoto, Pwani