Diski ikijifunga, mtengenezaji asitoroke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalotukera sisi mafundi wa kompyuta kwa miaka mingi. Si kila diski kuu inayotangazwa kuwa imekufa huwa imekufa kweli. Zipo ambazo sahani zake, yaani visahani vya ndani vinavyoandikwa data, zinazunguka bila kelele, vichwa vya kusomea ni vizima, na kila faili lipo palepale lilipoandikwa. Kilichogoma ni programu dhibiti, ile programu ndogo ambayo mtengenezaji ameiweka ndani ya diski ili kuiendesha. Hapo kosa ni la mtengenezaji, na mara nyingine ameshalijua na dawa yake anayo. Lakini mwenye diski akiwasiliana na huduma kwa wateja anaambiwa abadilishe kebo.

Watu wengi wanaiona diski kama kabati tu la kuwekea vitu. Ukweli ni kwamba ndani yake kuna kompyuta kamili: ina prosesa yake, kumbukumbu yake, na eneo la siri kwenye sahani ambalo wewe hulioni. Humo inajiandikia mambo yake: sehemu zilizoharibika, saa ambazo imekuwa ikiwaka, matukio yaliyoipata. Kila unapoiwasha, inasoma kwanza maandishi hayo. Ikijikwaa hapo, haiitiki tena, na kompyuta yako haitajua hata kama kuna diski imechomekwa.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Seagate, kampuni ya kutengeneza diski. Mwishoni mwa 2008 na mwanzoni mwa 2009, diski zake za Barracuda 7200.11 zilianza kugoma zikiwa bado changa. Mtu anazima kompyuta jioni ikiwa haina tatizo, asubuhi anawasha, diski haionekani kabisa, au inaonekana ikiwa na ujazo wa sifuri. Chanzo kilikuwa kwenye daftari la matukio, sehemu ya yale maandishi ambayo diski inajiandikia. Kwa diski zilizoathirika, kaunta ya daftari, yaani namba inayohesabu maandishi yake, ikikutwa kwenye namba fulani, 320 ikiwa mojawapo, wakati diski inawashwa, programu dhibiti inakwama na haitoki tena.

Na ilikuwa inafunguka. Unalegeza skrubu za bodi iliyo chini ya diski, unapenyeza kipande cha karatasi ngumu kati ya bodi na miguso ya mota ili umeme usipite, unashikiza nyaya nyembamba kwenye pini ndogo zilizo kando ya tundu la kebo, halafu unaiandikia diski amri kutoka kompyuta nyingine kwa kasi ya biti 38,400 kwa sekunde. Diski ikianza kujibu, unachomoa karatasi bila kuzima umeme, unakaza skrubu, unaiamuru mota izunguke, unafuta kilichokwama. Ukiizima na kuiwasha tena, mafaili yote haya hapa. Watu waliifanya kazi hiyo mezani kwao, mikono ikiwatetemeka, kwa sababu picha za watoto wao zilikuwa ndani.

Seagate nayo, baada ya malalamiko kuwa mengi, ilikiri tatizo Januari 2009 na kutoa sasisho. Sasisho la kwanza likazigomesha baadhi ya diski za gigabaiti 500 zilizokuwa zinafanya kazi vizuri, ikabidi liondolewe na kutolewa jingine. Hata hivyo nataka niwape haki yao kwa jambo moja: walisema wazi kwamba data bado iko ndani ya diski, na kwamba ambaye ameshindwa kuifikia kwa sababu ya kosa hilo atasaidiwa kuitoa bila malipo. Huo ndio msimamo ninaoutaka kwa kila mtengenezaji, tofauti ikiwa moja tu: usingoje kelele.

Sasa nikupe nilichokishuhudia kwa mteja wangu, mtafiti anayerekodi simulizi za wazee. Kampuni iliyotengeneza diski yake siitaji, kwa sababu ninalozungumzia ni tabia ambayo nimeiona kwa zaidi ya mmoja. Diski ilikuwa ndani ya waranti. Ghafla ikaacha kuonekana. Akaandika barua pepe huduma kwa wateja akieleza dalili zote, pamoja na namba iliyoko kwenye kibandiko na toleo la programu dhibiti. Jibu la kwanza lilimpa pole kwa usumbufu, likamtaka ajaribu kebo nyingine, kompyuta nyingine, na kama bado haisomeki, aifomati. Aifomati! Mtu anayelilia rekodi zake anaambiwa azifute ili aone kama diski inaandika.

Alipojibu kwamba shida yake si diski bali kilichomo, akahamishiwa kwa mhudumu mwingine, naye akaanza upya kwenye kebo. Mwishowe akaambiwa atume diski atapewa nyingine, na kwamba data ni jukumu la mtumiaji. Tena hiyo ya kubadilishiwa ilikuwa ni iliyokarabatiwa, si mpya. Wakati huohuo kwenye ukurasa wa masasisho wa kampuni hiyohiyo, mahali ambapo mtu hafiki bila kujua anachokitafuta, kulikuwa na sasisho la diski ya aina yake. Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja: kuboresha uthabiti wakati wa kuwashwa. Tarehe yake ilitangulia siku ambayo diski iligoma.

Hapo ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Aliyeandika mstari ule alijua kwamba kuna diski zinashindwa kuamka. Mhudumu aliyekuwa anajibu barua pepe ama hakuambiwa, ama aliambiwa asiseme. Simlaumu yeye, amepewa karatasi ya majibu na anapimwa kwa haraka ya kufunga kesi. Ninayemlaumu ni aliyeiandika karatasi ile bila kuweka ndani yake swali moja la maana: je, diski hii iko kwenye orodha ya zenye kasoro?

Waranti yenyewe inahitaji kuangaliwa upya. Imeandikwa kana kwamba mtu amenunua bati. Bati likiharibika unapewa bati, mmemalizana. Diski mtu hainunui kwa ajili ya diski. Halafu ili ubadilishiwe, lazima uitoe ile ya zamani, na ukishaitoa umetoa na rekodi zako zote, ziende mikononi mwa watu usiowajua, huku njia ya kuzipata ikiisha. Mtafiti yule alikataa. Amebaki na diski iliyofungwa ndani ya bahasha ya kuzuia umeme tuli, waranti ikaisha ikiwa bado kabatini. Kampuni za kuokoa data zilimtajia bei ambayo isingekuwa haki hata kama kosa lingekuwa lake.

Najua jibu linalokuja haraka: angeweka nakala rudufu. Kweli, kila mtu aweke nakala, na mimi kila mteja namwambia hivyo kabla hajaondoka. Lakini wanaolisema hilo ili kumnyamazisha mwenye malalamiko hawajafikiri kosa la programu dhibiti linavyofanya kazi. Diski inayochakaa inachakaa kwa wakati wake, na jirani yake kwa wakati wake. Ndiyo maana tunaweka nakala kwenye diski mbili, tukiamini haziwezi kuondoka siku moja. Kosa la programu linavunja hesabu hiyo, kwa kuwa liko sawasawa kwenye kila diski ya aina hiyo.

Novemba 2019 Hewlett Packard Enterprise ilitoa tahadhari kuhusu baadhi ya diski zake zisizozunguka, zile za chipu, zinazotumika kwenye seva, kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Zikitimiza saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zingekufa, na baada ya hapo diski wala data isingeokolewa. Aliyewahi kuandika programu anaijua namba hiyo bila kuambiwa: kaunta ya biti 16 yenye alama ya hasi na chanya inaishia 32,767, ikiongeza moja inapinduka na kuwa namba hasi. Kampuni ilionya pia kwamba diski zilizoanza kazi pamoja zingeweza kufa karibu wakati mmoja. Fikiri maana yake: seva yenye diski nane zilizofungwa siku moja, nakala ikiwa kwenye seva ya pili iliyonunuliwa pamoja nayo. Kila kitu umefanya kama ulivyofundishwa, na saa ileile vyote vinazimika. Machi 2020 ikatoka tahadhari nyingine ya namna hiyo, safari hii kikomo kikiwa saa 40,000.

Tahadhari zile zilikuwa kali na zilitaja saa waziwazi, kwa hiyo wasimamizi wa seva walipata muda wa kusasisha. Crucial nayo ilifanya hivyo Januari 2012 kwa diski zake za m4, zilizokuwa zinaacha kuitika zikifika saa 5,184 hivi, na zikiwashwa upya zinafanya kazi kama saa moja tu kabla ya kugoma tena. Ukijua saa, unafungua programu ya kuangalia afya ya diski, unasoma imewaka saa ngapi, unajua umebakiwa na muda gani. Onyo la namna hiyo halimgharimu mtengenezaji chochote isipokuwa aibu kidogo.

Kinyume chake ni yaliyotokea 2010 kwa diski ya Samsung ya terabaiti 2, HD204UI. Kompyuta ilipoiuliza diski taarifa zake katikati ya kuandika, data iliyokuwa njiani iliweza kupotea bila kosa lolote kuonyeshwa. Marekebisho yalitolewa, ila namba ya toleo la programu dhibiti haikubadilishwa. Diski iliyorekebishwa na isiyorekebishwa zote zinasoma namba ileile! Fundi anayeishika mkononi hana njia ya kuitambua kwa namba hiyo, na anayeinunua ikiwa imeshatumika ndiyo kabisa.

Ninachodai si kikubwa. Kasoro ikigundulika, itajwe kwa lugha ya kueleweka: diski zipi, dalili gani, inatokea lini, na kama data inaathirika. Maneno ya kuboresha uthabiti hayamwambii mtu kwamba diski yake inaweza isiamke kesho. Mwenye diski aweze kuandika namba ya kibandiko na kupata jibu hapohapo, bila kufungua akaunti wala kuambatisha risiti. Waliosajili diski zao watumiwe barua pepe. Anwani zao kampuni inazo, maana matangazo ya bidhaa mpya yanawafikia bila kukosea. Sasisho liwe na namba mpya ya toleo. Na pale kufuli linapotokana na programu ya mtengenezaji, yeye ndiye alifungue kwa gharama yake, waranti iwe hai au imeisha, kwa sababu kosa hilo lilikuwemo tangu diski inatoka kiwandani.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Ukurasa wenu wa teknolojia huchapisha tathmini za diski mpya: kasi yake, ujazo wake, uzuri wa kasha lake. Waandishi wako wawaulize watengenezaji maswali mawili zaidi kabla ya kuisifu bidhaa. Ni wapi mnatangaza kasoro za programu dhibiti, na mteja aliyefungiwa data kwa kosa lenu mnamfanyia nini? Majibu yachapishwe chini ya tathmini, na atakayekataa kujibu, hilo nalo liandikwe.

Wako,
Fundi wa kompyuta na msomaji wenu wa siku nyingi