Kabla Hamjanunua Wavu: Barua kwa Mwajuma

Kondoa

Mpenzi Mwajuma,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, alhamdulillahi, na mama anakuulizia kila siku.

Barua yako imenifurahisha mno, hasa uliponiambia kwamba watu wa Kondoa mlioko Dar mmechanga fedha za kuhifadhi michoro ya kale ya mapangoni ya Kolo. Lakini pale mnapotaka kuyazungushia mapango wavu wa chuma, moyo ulinishtuka. Nakuomba, dada, kabla kikao hakijapitisha jambo hilo, wasomee haya.

Wavu ulishajaribiwa. Enzi za mkoloni baadhi ya mapango yalijengewa vizimba vya mbao na wavu, na havikudumu. Wavu uling'olewa ukaenda kufanya kazi nyingine. Mimi siwalaumu walioung'oa. Mungumi wa Kolo ni mahali watu wanapopanda kuomba mvua na kutafuta uponyaji, na walikuwa wakipanda hivyo kabla hajafika mtaalamu yeyote. UNESCO ilipoiingiza Kondoa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ilithamini michoro pamoja na mila hizo ambazo bado zinafuatwa. Ukimfungia mzee wa matambiko nje kwa kufuli, umempoteza mlinzi wa kwanza wa mlima.

Halafu fikiria ukubwa wenyewe. Eneo lililoorodheshwa ni kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro hakuna aliyeyamaliza kuyahesabu: wataalamu wanakadiria kati ya 150 na 450. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey na mumewe walikuja mwaka 1951 kuinakili michoro, na hata wao walinakili sehemu tu. Fedha zenu zitazungushia mapango mangapi? Matatu? Na hayo mengine yalindwe na nani?

Natamani ungepanda tena uitazame ile michoro myekundu sasa ukiwa mtu mzima. Wale watu warefu, wembamba, na vichwa vyao vya duara kwa wingi wa nywele. Twiga, tembo, pofu. Juu yake, sehemu nyingine, ipo ile myeupe, minene, ya wakulima na wafugaji waliofuata. Jabali moja limechorwa na watu waliotofautiana kwa karne nyingi. Mimi nikisimama pale nasahau kushuka.

Yanayoiharibu nayajua, na karibu yote yanatokana na mikono ya watu. Wapo wanaochimba chini ya mapango wakiamini Wajerumani waliacha hazina. Dhahabu hawapati, ila wanavuruga matabaka ya udongo yenye zana za mawe na majivu ya kale, na tabaka likishavurugwa halisomeki tena. Wapo wageni wanaomwagia michoro maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Ipo pia pombe ya tambiko inayorushwa ukutani, na hili ni gumu, sitakuficha. Pombe inaila rangi. Lakini anayeweza kusema imwagwe chini, mbali na ukuta, ni wazee wenyewe, wakikaa na kukubaliana. Agizo kutoka Dar halitasikilizwa.

Na miti je? Katika barua yako hamkuigusa kabisa. Mlima ukikatwa miti kwa ajili ya mkaa, jua na vumbi vinaipiga michoro moja kwa moja, na chini huku makorongo yanafunguka. Sisi Warangi hatuhitaji kuhadithiwa makorongo. Unakumbuka wazee walivyosimulia HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma? Mradi ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, mito ya mchanga ikapungua. Ardhi ilipona kweli, na mimi nashukuru. Lakini kaya zilikosa maziwa, zikakosa samadi, na wengine wakawa wanaingiza ng'ombe usiku. Mambo yalitulia zaidi baadaye, watu waliporuhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa zizini, wakiwakatia majani. Hapo hifadhi ikawa na faida mezani, na watu wakawa na sababu ya kuilinda.

Basi ombi langu ni hili. Fedha hizo zilipeni posho ya vijana wa vijiji vya Kolo, Pahi na Thawi wazunguke mapangoni, wajue kuongoza wageni na kuwazuia wachimbaji. Sehemu nyingine iwe ya miche ya asili, ioteshwe shuleni, watoto wapande wenyewe. Na zitengeni kidogo za kuwakutanisha wazee wa mila na watu wa Idara ya Mambo ya Kale, wakae siku nzima, wale pamoja, wazungumze kuhusu pombe na kuhusu nani ashike funguo za nini. Kikao hicho ndicho ninachokitaka kuliko vyote, na kwa kweli ndicho cha bei nafuu.

Najua baadhi yenu mnataka kitu cha kuonekana, chenye kibao na majina ya waliochanga. Waambie kibao kitawekwa kwenye kitalu cha miche, mimi mwenyewe nitakisimamia.

Nijibu kabla ya mvua kuanza, maana miche ikichelewa tutangoja mwaka mwingine. Kama kikao kitasita, nipigie simu, nitapanda basi nije kuzungumza nao. Wasalimie wanao na shemeji.

Wako daima,
Zuhura