Barua kwa mwanangu kuhusu rangi ya Cleopatra

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza niko upande gani katika ugomvi wa ile dokumentari ya Netflix ambamo Cleopatra, malkia wa Misri ya kale, aliigizwa na mwanamke mweusi. Mwigizaji huyo, Adele James, hana kosa, na waliomtukana mwaka 2023 kwa sababu ya rangi yake walijiaibisha wenyewe. Lawama zangu ziko kwa waliotengeneza kazi ile, maana waliiita dokumentari. Anayesema "hivi ndivyo ilivyokuwa" hana budi kuonyesha ushahidi, na ushahidi uliopo ni kwamba ukoo wake, wa kina Ptolemy, ulitoka Makedonia, ukatawala Misri karibu miaka 300, na mara nyingi ndugu walioana wao kwa wao. Mama yake Cleopatra hajulikani kwa hakika, ni kweli. Lakini pasipojulikana hapageuki kuwa historia kwa sababu tu tumepajaza kitu tunachokipenda.

Jukwaani ni habari nyingine. Mwaka 2015, huko New York, katika tamthilia ya muziki ya Hamilton, waasisi wazungu wa Marekani waliigizwa na weusi na Walatino, na hakuna mtazamaji aliyedanganywa. Uhuru huo nautetea kwa moyo wote.

Ila nawe usiwasahau wa zamani. Mwaka 1956 John Wayne, mzungu wa Marekani, aliigiza katika filamu kuwa Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia! Na mwaka 2010, Ufaransa, mwigizaji mzungu Gérard Depardieu alikolezwa rangi ya ngozi na kuvishwa nywele za bandia ili awe Alexandre Dumas, mwandishi ambaye bibi yake mzaa baba alikuwa mwanamke mweusi aliyetumikishwa utumwani katika nchi ambayo leo ni Haiti. Hilo liliniuma kuliko la Cleopatra. Pale tulinyang'anywa mtu wetu aliyekuwepo kweli.

Ndiyo maana nasikitika tunavyogombania Cleopatra wakati Amanirenas yupo. Miaka michache tu baada ya Cleopatra kufa, malkia huyu wa Kushi, ufalme uliokuwa kusini mwa Misri katika Sudan ya leo, alipigana na Roma. Strabo, mwandishi Mgiriki wa enzi hizo, anamtaja malkia wa Kushi wa vita hivyo kuwa na jicho moja. Jeshi la Kushi liliteka sanamu za Augustus, mtawala wa Roma, na kichwa kimoja cha shaba kikazikwa Meroe, mji mkuu wa Kushi, chini ya ngazi za hekalu, kila apitaye akikanyage. Kilifukuliwa mwaka 1910, na sasa kiko London katika Jumba la Makumbusho la Uingereza.

Wewe unayesomea filamu, niandikie ungemwigizishaje, na kuhusu Dumas nipinge ukiweza.

Mama yako