Nyoka wa nyumbani hahitaji joto jingi, anahitaji joto la kuchagua

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaofuga nyoka ndani ya nyumba, hasa wanaoanza. Swali lao la kwanza huwa ni taa gani ya joto wanunue, na hapo wameshaanzia katikati. Nyoka hatengenezi joto lake kama paka. Hulitafuta kwa kuhama: huota penye joto, akitosheka hujiondokea. Tanki, yaani sanduku la kioo anamofugwa, likiwa na joto lilelile kila kona, hata kama ni joto zuri, limemfungia njia hiyo.

Kwa hiyo upande mmoja uwe wa joto na wa pili upoe. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejiviringisha kama mpira akiogopa, anataka mahali pa kuotea pa nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande uliopoa wa 24 hadi 27. Nyoka wa mahindi wa Marekani ya Kaskazini hutosheka na 29 hadi 31 huku, 22 hadi 24 kule. Maficho yawe mawili yanayofanana, moja kila upande. Likiwa moja tu, tena kwenye joto, nyoka mwoga atabaki humo hata akiungua, maana kwake usalama unatangulia.

Mkeka wa umeme wa kupasha joto huwekwa chini ya tanki, kwa nje, na usienee zaidi ya theluthi moja ya sakafu. Liinue tanki kidogo hewa ipite. Matandiko juu ya sehemu hiyo yasizidi sentimita 2 hivi. Yakiwa mazito, joto hukwama chini, kioo huzidi kupata moto na kinaweza kupasuka, na nyoka akichimba anafikia moto wenyewe. Mawe ya umeme yanayouzwa kama mapambo nashauri yaachwe kabisa. Hupata moto sehemu sehemu, si sawasawa, na nyoka hulala juu yake mpaka tumbo likaungua bila kuondoka.

Kifaa kinachostahili fedha nyingi ni kidhibiti joto, kile kinachopunguza au kukata umeme joto likifika ulipoweka, wala si mkeka au taa. Mkeka usio na kidhibiti unaweza kupita nyuzi 45. Kihisi chake, ncha inayopima joto, kibane kati ya mkeka na kioo, kisha upime ndani, juu ya matandiko, na urekebishe polepole kwa siku mbili kabla nyoka hajaingia. Huenda ukalazimika kuweka kidhibiti nyuzi 34 ili ndani upate 32. Hakikisha tu kwamba kioo chenyewe, matandiko yakifukuliwa, hakipiti 35. Kihisi kinachoachwa kikining'inia ndani ndicho chanzo cha ajali nyingi: nyoka hukisukuma upande wa baridi au hukikojolea, kidhibiti kikadhani tanki limepoa, umeme ukaendelea kwenda. Wala usikibandike ndani kwa utepe wa gundi. Nyoka hunasa hapo, na kumbandua ni kuchuna ngozi.

Anayetumia taa atafute kidhibiti kinachopunguza na kuongeza umeme taratibu. Kile cha kuwasha na kuzima hufaa mkeka, lakini huua balbu mapema. Usiku itumike balbu ya kauri isiyotoa mwanga. Kila balbu iliyo ndani ya tanki izungushiwe kizimba cha waya, kwa sababu nyoka hupanda. Taa pia hukausha hewa, na gamba hutoka vipandevipande badala ya kutoka lote kwa pamoja.

Vipimajoto vya mshale vinavyobandikwa ukutani mwa tanki havisemi lolote kuhusu mahali nyoka alipolalia. Tumia viwili vya dijitali, kimoja kila upande. Kipimajoto cha kulenga kwa mbali ni kizuri pia, ila kiwe cha mafundi, si kile cha kupimia homa, ambacho hakikutengenezwa kusoma sakafu.

Nyoka mwenyewe husema. Akishinda ndani ya bakuli la maji au akisukuma kifuniko kwa pua, angalia kwanza kama pamezidi joto. Aking'ang'ania upande wa joto mchana na usiku na kukataa chakula, huenda pamepoa. Akila kisha akapata baridi, panya huoza tumboni kabla ya kusagwa na nyoka humtapika; mpumzishe siku 10 hadi 14, rekebisha joto, ndipo umpe panya mdogo kuliko wa kwanza. Mapovu mdomoni, au kupumua kwa mlio akiwa ameinua kichwa, ni dalili za ugonjwa wa mapafu. Hapo usingoje wiki, nenda kwa daktari wa wanyama.

Umeme ukikatika, usimlishe. Funika tanki kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa, na uweke ndani chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Nyoka mwenye afya huvumilia saa kadhaa za nyuzi 20. Tanki la kioo lililopigwa na jua la dirishani ni jambo jingine: linaweza kupita nyuzi 40 kwa muda mfupi, na humo hana pa kukimbilia. Lihamishe leo.

Mfugaji wa nyoka