Mabadiliko ya siku: mifuko ya zawadi za Idi

Ndugu wanakikundi, assalamu alaikum.

Kikao cha kutengeneza mifuko ya zawadi za watoto wa madrasa kimesogezwa hadi Jumapili, saa 9:00 alasiri, nyumbani kwa Mwenyekiti, Ilala. Mchango ni shilingi 3,000, na umfikie Mweka Hazina kabla ya Ijumaa jioni ili karatasi zinunuliwe Kariakoo kwa bei ya jumla.

Tafadhali uje na:
1. Mkasi, rula na gundi.
2. Boksi tupu la majani ya chai, ambalo tutalizungushia karatasi ili mfuko upate umbo, kisha tulichomoe.
3. Kipande cha kadibodi cha kuweka chini ya mfuko.

Karatasi za nailoni zinazong'aa tuziache, hata kama zinapendeza, kwa kuwa gundi yetu haizishiki vizuri. Ukingo wa juu utakunjwa kwa ndani mara mbili kabla ya kutobolewa matundu ya utepe, la sivyo mfuko utachanika mara tu mtoto atakapounyanyua (tende ni nzito jamani).

Naomba kila mmoja athibitishe hapa kwa kuandika "Nitakuja" au "Sitaweza" kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku.

Ahsanteni,
Katibu