Yah: Malalamiko kuhusu kamera mbovu na kunyang'anywa nikitaka kuikagua

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua dukani kwenu kamera ya filamu iliyotumika, Canonet QL17 GIII, kwa Sh 450,000 taslimu. Masharti ya duka mnayajua wenyewe, sina haja ya kuwanakilia. Naandika kwa sababu ya jibu nililopewa kwa simu jana: "Mali ikishauzwa hairudishwi, halafu isitoshe uliikagua mwenyewe."

Niliikagua lini?

Kijana wenu wa kaunta anajua fika kwamba sikuikagua. Niliweka jicho kwenye kidirisha cha kutazamia, nikaona kile kiraka cha njano cha katikati kimefifia. Nikamwomba kwa adabu: "Mwanangu, naomba nisogee nayo hapo mlangoni nilenge kitu cha mbali." Sikuomba makubwa. Kamera ya renjifainda, yaani inayolenga kwa kulinganisha picha mbili za kitu kimoja, hukaguliwa hivyo: unazungusha pete ya fokasi mpaka mwisho, unalenga kitu kilicho mbali, na zile picha mbili ndani ya kiraka zinatakiwa zilaliane ziwe moja. Zisipolaliana, kamera inakudanganya. Ni kazi ya nusu dakika, na kutoka mlangoni kwenu hapo Samora, Sanamu ya Askari ingenitosha kabisa. Akaninyang'anya. Aliivuta ikiwa bado jichoni, mkanda ukanikwaruza shavu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama, hapa tunauza, hatuchungulishi. Kama hujui kamera, kanunue simu." Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Aliyeniuzia ni mwenzake, yule mtu mzima. Alinituliza, akaapa kwamba kamera imefanyiwa sevisi, kidirisha ni kisafi na fokasi imepimwa. Nililipa kwa neno lake, na neno lake ni neno la duka lenu.

Sasa nisikilizeni. Filamu nzima ya picha 36 imeharibika. Ilikuwa arobaini ya kuzaliwa kwa mjukuu wangu, ndani ya nyumba, mwanga hafifu, lenzi nimeifungua yote. Mtoto amekuwa ukungu mtupu, lakini pazia lililo nyuma yake unaweza kuhesabu nyuzi zake. Baada ya kuona hivyo nilikwenda Kivukoni, nikafanya lile nililokatazwa mlangoni kwenu. Nikalenga pantoni ya Kigamboni ikiwa mbali, pete nimeizungusha mpaka mwisho. Nikaona pantoni mbili zinaelea bega kwa bega, haziungani hata kwa dawa. Fundi alipofungua kifuniko cha juu alinionyesha kuvu imetambaa kwenye vioo, na kile kioo kidogo kinachogawa mwanga kimefutwafutwa mpaka upako wake umetoka. Kukaza skrubu kunaweza kurudisha picha mahali pake, lakini upako ukishatoka umetoka. Kwamba kamera huota kuvu kwa joto na unyevu wa Dar, hilo sishangai. Nashangaa kuambiwa imefanyiwa sevisi. (Mita ya mwanga nayo haisogei, ila ilitengenezwa kwa betri za zebaki ambazo siku hizi hazitengenezwi, kwa hiyo hilo siwadai. Mimi si mtu wa kutafuta ugomvi.)

Narudi kwenye kunyang'anywa, maana kwenye simu mlipapita kama hapakutokea kitu. Nilikuwa nimesimama chini ya kile kibao chenu cha "Mteja ni Mfalme". Kamera iko jichoni. Mkono wa mtu ambaye ningeweza kumzaa ukaja usoni kwangu bila hodi, ukaivuta. Na baada ya kusema aliyoyasema, alishika ncha ya shati lake akafuta kidirisha, taratibu, huku ananitazama, kana kwamba jicho langu limekichafua. Hilo la shati ndilo linaloninyima usingizi kuliko hizo pesa. Halafu leo mnaniambia niliikagua mwenyewe! Mlininyima kukagua, kisha mnanifunga kwa ukaguzi mlioninyima.

Nilipoanza barua hii nilitaka Sh 450,000 zangu tu. Sasa naongeza gharama ya filamu, ya kuisafisha na ya fundi, risiti zote ninazo. Naongeza pia kwamba kijana huyo aniombe radhi, akiwa amesimama pale pale kaunta, kwa sauti ile ile aliyonitukania, wateja wakiwepo.

Mna muda mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo nakwenda Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mteja, na "imefanyiwa sevisi" ilisemwa mbele ya mashahidi. Tena, ile risiti mliyonipa imeandikwa kwa kalamu. Ya mashine ya EFD, ile ya kodi, sikupewa. Mamlaka ya Mapato (TRA) wakiniuliza nilinunua wapi, sitamung'unya maneno.

Kamera sitaileta dukani. Mtumeni mtu aifuate kwangu, pesa zikiwa mkononi, na asiwe yule kijana.

Wenu mteja,
Mama wa Canonet

Nakala: Tume ya Ushindani, itapelekwa Jumatatu asubuhi msiponijibu.